Choo cha Mama Mkwe

Mimi ni afisa afya, na kazi yangu, niseme bila kuzunguka, ni choo. Wapo wenzangu wa chanjo na wapo wa lishe, wale wanaopigwa picha wakiwa wamebeba watoto wanene. Mimi nilipewa choo na maji ya kunywa katika vitongoji vya kando ya mto Ruvuma, huko ambako ukishaipita Maposeni na mahindi yake unabaki wewe, pikipiki na vumbi mpaka makalio yafe ganzi. Kila nilikofika nilisema yaleyale: chimbeni choo, kiwekeeni mfuniko, naweni kwa sabuni, chemsheni maji. Nimeyasema mbele ya masheikh, mapadri na wake za masheikh, na sijawahi kuona haya. Nyumbani kwangu Mshangano mke wangu alikuwa ananikataza kuyasema wakati wa kula.

Kisha nikapangiwa kitongoji cha ukweni.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana. Sisi Wayao tuliokulia Tunduru, na watu wa mke wangu pia, mama mkwe tunamwogopa kwa heshima. Mkikutana njiani unaingia majanini umpishe. Humtazami usoni, huli naye, na hamsemezani moja kwa moja. Ukiwa na neno unamtuma mtu, na mtu akikosekana unamwambia mbuzi, yeye akiwa pembeni anasikia. Huo si ugomvi hata kidogo. Mimi na mama mkwe wangu tulipendana hivyo kwa miaka kumi na moja, na mbuzi wake walikuwa wanajua habari zetu zote.

Mwaka huo mradi wa maji ulikuja na sharti. Kitongoji kitachimbiwa kisima cha pampu iwapo kila nyumba, bila kubakiza hata moja, ina choo kinachotumika, na afisa afya amekikagua na kutia saini. Watu wa pale walikuwa wanachota mtoni, ndani ya uzio wa miti waliouchomeka majini kuwazuia mamba. Uzio uliwazuia mamba, mara nyingi. Kinyesi cha vitongoji vya juu haukukizuia. Kila masika watu walihara, wengine walizikwa, na mimi nilitaka ile pampu kama ninavyotaka uzima wa wanangu.

Siku ya mkutano wa kwanza niliingia uwanja wa shule nimejiandaa vizuri, nikamkuta mama mkwe amekaa mkeka wa mbele kabisa. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, hakuwa na namna ya kukaa nyuma. Alijifunika khanga mpaka puani na kutazama upande wa mtoni. Nami nilitazama upande wa darasa la tatu. Nikaligeukia lile darasa, nikaupa mkutano mgongo, na somo zima la choo nikaufundisha ukuta. Pale ambapo huwa nasema "kinyesi" nilisema "ule uchafu", na "uchafu" nao uliponishinda nikasema "mambo yale". Nilipofika kwenye kutawaza nilikohoa tu, watu wakaitikia kwa kukohoa.

Wananchi walidhani ni njia mpya ya kufundisha kutoka wilayani. Wiki iliyofuata, katika kitongoji cha jirani, mzee mmoja alisimama kulalamika kwamba wenzao walifundishwa kwa mgongo, kwa nini wao wanatazamwa usoni.

Pamoja na kukohoa kote, watu walielewa. Walichimba. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee mnene mwenye baiskeli isiyo na breki, alikuwa anapita kila asubuhi kuhamasisha, na kwa kuwa hakuweza kusimama alihamasisha akipita. Baada ya miezi miwili kila nyumba ilikuwa na choo, na nje ya kila choo kilining'inia kibuyu chirizi, lile dumu dogo la kunawia linaloinamishwa kwa kamba ya mguuni. Kila nyumba isipokuwa ya mama mkwe wangu.

Fomu ilinitaka nieleze sababu ya nyumba hiyo kukosa choo. Kulikuwa na visanduku vitatu: udongo mbaya, kukosa nguvu kazi, ukaidi. Udongo wake ulikuwa mzuri. Nguvu kazi alikuwa nayo, kaka zake wawili walikaa nyumba ya pili. Kuweka alama ya ukaidi kwenye jina la mama mkwe sikuweza, mkono ulikataa. Nikachora kisanduku cha nne kwa rula nikaandika: heshima. Bosi wangu pale Songea aliirudisha fomu akiwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba heshima si sababu.

Ikabidi nimtafute mshenga. Ndiye aliyeniposea binti yao, mzee mwenye maneno matamu anayeweza kuomba moto kwa dakika arobaini. Nilimweleza shida yangu, naye akasema hiyo ni kazi ndogo. Alivaa kanzu na kofia, akaenda kwa mama mkwe, akaketishwa mkekani, akafungua mazungumzo: "Tumekuja tena kwa lile jambo letu." Kaka za mama mkwe wakashtuka. Walidhani namrudisha mke, au nataka kuongeza wa pili. Saa nzima ikaisha akiwatuliza. Ukaja wali na samaki. Ukaja uji wa tangawizi. Alasiri mshenga akarudi kwangu amebeba jogoo mwekundu.

"Ujumbe umefika?" nikamwuliza.

"Umefika karibu," akasema. "Nilipofika mlangoni pa neno lenyewe, mwanangu, ulimi ukawa mzito. Nikasema tu kwamba mkwe wao anawawazia sana mema. Wamefurahi, wamekuletea jogoo."

Mke wangu ndiye aliyeutoboa ukweli, baada ya kwenda kumwona mama yake na kulala huko siku mbili. Alirudi akiwa hajui acheke au alie. "Mama hana ubishi na choo," akaniambia. "Anakitaka. Shida ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Si wewe unayekagua? Amesikia unafunua mfuniko, unamulika tochi ndani, halafu unaandika kama kinatumika. Anasema, yaani mkwe wangu aje na tochi kuhakikisha kwamba nilikwenda haja? Anasema bora mamba."

Niliona aibu na niliona hasira, na nilishindwa kujua hasira ni ya nani. Alikuwa na haki kabisa. Hata mimi nilipojaribu kujiona nimeinama pale na tochi, nilijificha uso kwa mikono nikiwa sebuleni kwangu. Nikaenda kwa bosi kuomba atumwe afisa mwingine akakague nyumba hiyo moja. Akaniambia mafuta hayapo, na kwamba mama mkwe wangu ni mwananchi kama mwananchi mwingine. Huyo bosi alikuwa ameoa binti wa mama aliyefariki zamani, hakujua anachosema.

Miezi ikapita. Mitambo ya kuchimba ilikuwa imefika tarafa ya pili na ingeondoka bila kufika kwetu. Akina mama waliacha kumsalimia mama mkwe wangu kisimani, yaani pale mtoni, kwa kuwa kisima ndicho hasa walichokuwa wanamdai. Yeye aliendelea kuchota kimya kimya na ndoo yake, na alfajiri kuingia porini na jembe lake. Masika yakaanza.

Siku hiyo nilikuwa nakagua vibuyu chirizi upande wa juu, mchana, mvua imekatika kidogo, mwenyekiti akaja kwa baiskeli akipiga kelele tangu mbali kwa sababu alijua hatasimama: "Mkweo anahara na kutapika! Toka asubuhi!" Akanipita, akaishia kwenye mihogo.

Gari hakuna. Bodaboda wawili wa kitongoji walikuwa wamepeleka watu msibani. Pikipiki ilikuwa moja tu, yangu, na zahanati ilikuwa mbali, barabara tope tupu. Nilipofika, wanawake walikuwa wamekwisha mtoa nje, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Nimeona watu wa hali ile na najua saa zao zinavyokwenda. Nilisema apakiwe sasa hivi. Basi wakaanza kushauriana namna ya kumpakia bila kunigusa. Wakaleta mto wa kulalia wakaufunga mgongoni kwangu kwa khanga. Mama mkwe akakaa nyuma ya mto, na jirani mmoja akakaa nyuma yake kumshikilia. Kaka mtu akaukagua ule mto, akasema ni mwembamba, ukaongezwa wa pili. Sasa kifua changu kilikuwa juu ya usukani na pumzi zinapita kwa shida. Nikapiga kelele, na sikuwahi kupiga kelele ukweni: "Atakufa huyu! Acheni mito!" Wakaacha. Miwili ikabaki.

Mlima wa kwanza pikipiki ikakataa watu watatu. Jirani akashuka, akasema twende, atatufuata kwa miguu. Nilichukua khanga nikamfunga mama mkwe pamoja na mito na mimi, furushi moja, tukaenda. Tulikuwa hatujafika mbali nikasikia sauti dhaifu nyuma yangu.

"Wewe pikipiki," ilisema. "Simama."

Nikasimama. Akajaribu kwenda majanini mwenyewe, miguu ikamwishia. Basi nilimshika. Nilimshika mikono yote miwili, mimi nimekaza shingo natazama mawingu, yeye amechuchumaa analia kwa aibu, na mimi pia nalia, mito yangu miwili mgongoni. Nikamwambia mti uliokuwa mbele yetu: "Mwambie mama asione vibaya. Mwambie hii ndiyo kazi yangu." Mti sijui kama ulifikisha. Tulisimama hivyo mara tano. Kati ya kituo na kituo nilimpa maji ya chumvi na sukari niliyobeba kwa ajili ya mafunzo, nikimpitishia kikombe kwa juu ya bega bila kugeuka.

Zahanatini muuguzi alimwekea dripu, akaniuliza amekwenda mara ngapi. Nikamtajia, na rangi, na kiasi, kwa sababu nimefundishwa kutaja. Mama mkwe kitandani akavuta shuka mpaka juu ya kichwa.

"Wewe ni nani wake?" muuguzi akauliza.

Nikasema, "Afisa afya."

Siku ya tatu alikuwa na nguvu za kukaa. Mke wangu alikuja, akatoka kufua nguo, tukabaki mimi na mama mkwe kwenye benchi la barazani, yeye mwanzo wa benchi, mimi mwisho wake, kila mtu anatazama kwake. Muuguzi hakuwapo. Kuku mmoja alipita mbele yetu. Nilingoja amwambie kuku chochote alicho nacho. Akamwacha apite.

Akashusha khanga mpaka chini ya kidevu na kugeuka upande wangu.

"Baba," akasema, "hilo shimo huwa linakwenda chini kiasi gani?"

Swali hilo nimeulizwa katika kila kitongoji cha mto ule, na huwa najibu huku nafunga mkoba. Siku hiyo sikuwa na mkoba wa kufunga. "Urefu wa watu wawili, mama," nikasema. "Mmoja akisimama juu ya mwenzake."

Akafikiri. "Utachimba wewe," akasema. "Wewe umekwisha ona. Kukagua wamlete mtu mwingine."

Nilikwenda kwa bosi kuomba mtu huyo mwingine. Alikuwa anakunywa chai. Safari hii sikumwandikia fomu. Nilikaa mbele yake nikamsimulia njia nzima, kituo baada ya kituo, kwa lugha ya kazi, na kabla sijafika kituo cha nne alisukuma pembeni sahani ya chapati akasaini. Akatumwa dada mmoja tunayefanya naye kazi, anayekaa Ruhuwiko.

Nilichimba siku nne. Mama mkwe alihamia kwa kaka zake ili asinione, chakula kikaletwa na jirani. Nilikuwa shimoni kichwa hakionekani tena mwenyekiti alipopita juu akinitangazia maendeleo yangu. Kaka zake wakajenga kibanda, yule dada akaja akafunua, akamulika, akatia saini. Mtambo ulifika kabla mahindi hayajakauka, na pampu ikatoa maji siku ya Ijumaa, watu wakiwa wametoka msikitini.

Sasa tumerudi kwenye mbuzi. Nikienda ukweni napishwa na napisha, naulizwa habari za watoto kupitia beberu mmoja mzee, na nikibanwa naenda choo cha jirani. Mama mkwe hajanisemesha tena uso kwa uso, wala sitegemei. Katika miaka yote hiyo ameniambia maneno mara mbili tu, siku moja, kwenye benchi moja, na yote yalikuwa ya choo. Mama yangu mzazi alinifia nikiwa mdogo, sikumbuki sauti yake. Nikitaka kukumbuka sauti ya mama, nakumbuka hayo.