Delfina wa Uwanja wa Chini

Delfina Brancaleoni alikuwa mwangalizi wa uwanja ulio chini ya kijiji chetu cha Pietrafosca, wanapoegesha magari-nyumba, yale marefu yenye kitanda, jiko na choo ndani. Aliwaonyesha wageni nafasi, akawafungulia maji, na wakiondoka akaosha shimo wanapomwagia uchafu wa vyoo vyao. Kazi hiyo alipewa baada ya tetemeko la ardhi kuipasua nyumba yake huko juu mlimani. Nyumba ikafungwa, yeye na mumewe wakapewa kibanda cha mbao karibu na bomba. Ni kwa muda tu, waliambiwa. Mumewe akafia humo kibandani.

Hakuwa mtu wa kulalamika, ila uchovu ulikuwa umemwingia hadi kwenye sauti. Mgeni akimuuliza, "Mama, huko juu kuna nini cha kuona?" alijibu, "Kuna mlima. Panda uone." Mwenyewe hakuwa amepanda tangu lile tetemeko.

Jumapili moja ya Agosti nilikuwa nimempelekea nyanya za bustanini kwangu, simu yake ikalia. Alikuwa meya, Gualtiero.

"Shangazi, njoo haraka! Gari lako limekwama langoni!"

"Langu? Mimi sina hata baiskeli."

"La wageni wako, shangazi! Bwana harusi yuko ndani ya kijiji, bibi harusi yuko nje, na padri anaangalia saa!"

Tukapanda, Delfina akisimama kila kona kuvuta pumzi. Gari lilikuwa limebanwa katika lango la mawe la kuingilia kijijini kama kizibo kwenye chupa. Dereva, Ermete, mwoka mikate mstaafu kutoka Bergamo, alikuwa amefuata ramani ya simu. Jasho lilimtiririka, na wanaume wetu walikuwa wakimpigia kelele.

"Kata kulia!"

"Kulia gani? Wewe kulia kwako hukujui!"

 Delfina alitafuta pa kukaa, na kizingiti kilichokuwa karibu ni cha nyumba yake mwenyewe. Akakaa. Kupitia ufa aliona jikoni kwake: mti wa tini ulikuwa umeota pale ilipokuwa meza. Machozi yakamtoka bila sauti.

Iside, mke wa Ermete, alimwona. Mlango wa gari haukufunguka, basi akatokea kwenye dirisha la nyuma, mama mzima na aproni yake ya jikoni kiunoni, akazunguka na kuchutama mbele yake.

"Dada, umeumia?"

"Hapana. Nimechoka."

"Tangu lini?"

Delfina alifikiri. "Sikumbuki."

Iside akasimama. "Ermete! Toa upepo kwenye matairi, gari lishuke kidogo, kisha urudi nyuma polepole! Na nyie wengine nyamazeni, hapa kuna mtu amechoka!"

Wakanyamaza. Gari lilitoka likikwaruza jiwe, bibi harusi akapita huku amekunja gauni, watu wakapiga makofi.

Walipoteremka uwanjani, Iside alimlaza Delfina kwenye kitanda chao, akafunga mapazia. Magari mengine yakaja. Mimi nikafungua maji, Ermete akaosha lile shimo, Iside akawapanga madereva kwa sauti yake ile ile. Delfina aliamka asubuhi ya pili, uso umevimba kwa usingizi, akala supu mbele yao.

Kisha akampigia meya. "Gualtiero, mwanangu, tafuta mwingine."

"Shangazi, msimu ndio huu! Unaenda wapi?"

"Kukaa."

Sasa yuko mjini Fano kwa dada yake, nyumba iliyo kando ya reli. Nilimtembelea wakati wa baridi, akanifungulia mlango mchana kweupe akiwa na gauni la kulalia.

"Treni hizi hazikusumbui?" nilimuuliza.

"Zinapita tu," alisema. "Hakuna hata moja inayoniita."

Uchovu bado anao. Alinimiminia kahawa, akasinzia kabla sijaimaliza, nami nikaosha vikombe, nikatoka na kufunga mlango taratibu.