Aliyekaa Kando ya Eliakim

Eliakim Ouma, karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Eldoret, hakuwa na makuu. Kosa lake lilikuwa ukimya, na mwaka 1986, serikali ilipokuwa ikisaka wapinzani wa siri, mtu mkimya alitisha watu kuliko mlevi. Mkewe Perez alipofariki, usingizi ulimhama kabisa, hadi Bwana Jayasena, fundi wa mashine kutoka Sri Lanka na mfuasi wa Buddha, alipomhurumia. Alimfundisha kukaa chini ya mikaratusi ya msitu wa Kimumu, pembeni mwa mji, kila alfajiri, afumbe macho, afuate pumzi zake, asikilize ndege na umande ukidondoka.

"Kitu kikija, kiache kikae," alimwambia. "Usikikimbize, usikishike."

Mkataba wa Jayasena ulipokwisha akarudi kwao. Eliakim akaendelea peke yake, na Jumapili akaimba kanisani kama kawaida, maana hakuna aliyemwambia Buddha anachukia kwaya. Majirani ndio walioshindwa kuvumilia. Wengine walimwita mchawi, wengine mkimbiaji wa usiku, wale wanaozunguka uchi gizani kutisha watu, aliyechelewa kurudi nyumbani. Yeye alicheka tu. Jambo moja hakumwambia mtu. Tangu mvua za Aprili alikuwa akisikia pumzi nyingine upande wake wa kushoto, nzito kidogo, ikienda sambamba na yake. Alitamani mno kufumbua macho. Aliogopa kwamba akitazama tu, itakatika.

Kisha Chifu Kimeli akamwita ofisini.

"Mzee, mkutano bila leseni ni jela, unajua hiyo," Chifu alisema, kalamu mkononi. "Mnapanga nini huko msituni?"

"Mimi hukaa peke yangu, Chifu."

"Wacha hiyo. Watu wa chama waliniambia mko wawili, nikadhani wanatia chumvi. Leo asubuhi nimeenda mwenyewe, nikasimama nyuma ya miti mpaka jua likatoka. Taja huyo mama, ama ulale ndani leo."

Eliakim akauliza, "Alikuwa amekaaje?"

"Kitambaa cha manjano kichwani. Wewe umekunja miguu, yeye mmoja ameunyoosha tu. Haya, jina."

Perez alivunjika goti akivuna mahindi huko Moi's Bridge, na mguu ule haukukunjika tena hadi alipozikwa. Eliakim angeweza kubuni jina lolote, apate siku mbili tatu za kupumua. Lakini machozi yalikuwa yameshamtoka.

"Perez Akello," alisema. "Mke wangu."

Chifu aliandika jina la kwanza, kalamu ikasimama. Ni yeye aliyeandika barua ya kusafirisha maiti ya Perez hadi Siaya mwaka uliotangulia, akaigonga muhuri kwenye meza hiyo hiyo. Alichana karatasi polepole, akatia vipande mfukoni, akaenda kusimama dirishani.

"Nenda nyumbani," alisema bila kugeuka. "Na mimi usiniambie kitu."

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito. Eliakim aliacha nyumbani mkeka wake mdogo, akabeba ule mpana waliokuwa wakiutumia wawili. Aliutandika chini ya mikaratusi, akakaa upande mmoja, akafumba macho.

Baada ya muda mkeka ulilia kidogo upande wa kushoto, kama unavyolia mtu anapokaa. Eliakim hakutazama. Alisogea tu, ule mguu upate nafasi ya kunyooka.