Dira ya Bi Time na Mbuzi ya Nazi

Enzi zetu, wenzangu, kibla haikutafutwa kwenye simu. Wajukuu zangu wamezaliwa chumba hiki, wamekulia humu humu, na bado kabla ya kusali wanazungusha simu hewani. Chaji ikiisha, "Bibi, kibla wapi?" Ebo!

Sisi tulikuwa na dira. Mjomba wangu baharia alinipa, ya shaba, ndogo ya kiganjani. Bibi yangu, Bi Time, aliipenda kuliko mimi, kwani ukiwa Pemba, Makka iko kaskazini, na kule kwetu Wawi sindano ilielekea pale pale ulipoelekea msikiti. Nikamhakikishia kwamba sindano ile inaijua Makka, naye akaniamini.

Siku tuliyohamia Jadida, papo hapo Pemba, vyombo vimerundikana, jua la utosi, Bibi akataka kusali adhuhuri. Kuwauliza majirani wapya aliona haya. "Iweke dira, mwanangu." Nikaiweka sakafuni, ubavuni mwa mbuzi ya kukunia nazi. Akatandika msala, akasali rakaa zake nne kwa utulivu.

Baba, aliyekuwa mwalimu wa skuli, akaingia na godoro kichwani. "Mama, kibla imehamia jikoni?"

Lahaula! Akaiondoa mbuzi, sindano ikageuka. Akatueleza kuwa ule ulimi wa chuma ndio ulioivuta, kwamba dunia nzima ni sumaku, na sindano haiijui Makka: inatafuta ncha ya kaskazini, kwenye barafu, ambako mbingu huwaka mianga ya kijani. Nikaangua kilio. Nimemharibia Bibi sala yake, na siku zote nilikuwa namdanganya!

Bibi akamgeukia Baba. "Hiyo sindano, ikienda huko kwenye barafu, inapita Makka?"

"Inapita, Mama."

"Basi mwache mtoto. Mbuzi ndiyo itoke nje." Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akatia udhu upya, akasali tena.

Leo mjukuu wangu mmoja anasoma huko huko karibu na ncha. Juzi alinipigia simu ya picha, mianga ya kijani inapepea nyuma yake kama kanga kwenye kamba. "Bibi, huku tunasali kuelekea kusini." Hakumjua Bi Time, na mbuzi hajawahi kuikalia, nazi siku hizi tunanunua iliyokwisha kunwa. Nikasikitika kidogo. Lakini nilipotandika msala jioni ile nilijikuta natabasamu: yeye kaelekea kusini, mimi kaskazini, na Makka katikati. Kumbe tunatazamana.