Mzee Futi na Rekodi ya Taifa

Ta-ra-ta-ta! Ufito ukianguka kutoka kwenye nguzo zake mbili hutoa mlio huo, na Mzee Futi ameusikia kwa miaka ishirini na miwili, mara nyingi kuliko alivyosikia jina lake halisi. Jina hilo lilibaki kwa mkewe tu, naye hulitumia akiwa amekasirika.

Siku za kawaida ni fundi nguo. Ana cherehani moja, kioo chenye ufa, na rundo la suruali za watu waliosema "nakuja kesho". Siku za mashindano chama cha riadha humwita akapime urefu wa kuruka juu, kwani chama hicho, chenye makamu wenyeviti saba, hakijabahatika kumpata mwingine anayejua kutumia futi.

"Wenzako wanapanda jukwaani, wewe unapanda stuli," mkewe humtania.

"Na hakuna hata mmoja wao anayejua urefu wa hilo jukwaa."

Mwaka huu mashindano yalikuwa ya kimataifa, ndani ya ukumbi mpya kabisa, uliovuja sehemu tatu tu. Wanaume kumi na wawili walianza kuruka. Mmoja mmoja waliuangusha ufito wakaenda kukaa, hadi akabaki mpwa wa Mzee Futi, mtoto wa dada yake, kijana mwenye miguu mirefu na miaka mitatu bila kazi. Dhahabu alikwisha kuipata, lakini medali hailiwi. Mwenyekiti wa chama alikuwa ameahidi kwenye kipaza sauti: atakayevunja rekodi ya taifa atapewa ajira bandarini. Barua alikuwa nayo mfukoni, akiipapasa kama mtu mwenye jino bovu.

Ufito ukapandishwa sentimita moja juu ya rekodi. Mzee Futi akabeba stuli yake kwenda katikati, maana ufito hulegea katikati kama pindo la sketi, na urefu wa haki ni pale uliposhuka zaidi. Katikati alikuwa amesimama mpiga picha wa televisheni.

"Mwanangu, hebu sogea kidogo."

"Nikisogea, mzee, taifa litaona nini? Visigino vyako?"

"Pima hapo hapo pembeni!" mwenyekiti akafoka. "Tuko hewani! Kwani unashona suti?"

Akapima kando ya nguzo, akaandika.

Kijana akakimbia, akageuza mgongo, akapaa. Ufito ukatetemeka, ukasita, ukabaki. Bendera nyeupe ikapanda, ukumbi ukalipuka. Makamu wenyeviti wote saba wakakumbuka ghafla kwamba ndio waliomfundisha kuruka.

"Mjomba, umeona?" kijana aliita kutoka godoroni, machozi yakimtiririka.

"Nimeona, mjomba."

Alikuwa ameona, kweli. Mpiga picha alikuwa amehama, na katikati ufito ulikuwa umeinama. Jicho lililokata nguo miaka yote hiyo halikuhitaji futi: sentimita mbili. Mpwa wake alikuwa ameruka chini ya rekodi. Kanuni zinataka urefu wa rekodi upimwe upya, lakini kitabu cha kanuni kilikuwa na kazi nyingine siku hiyo, kuzuia mlango wa choo usijifunge.

"Kaka!" Dada yake alikuwa ameshuka kutoka viti vya juu, kiatu kimoja mkononi. "Mwanao amepata kazi! Nitalala usingizi mie!"

Mwenyekiti akachomoa barua kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamsogezea Mzee Futi fomu na kalamu.

"Weka saini, mzee. Saini tu, usituandikie kitabu."

Mzee Futi akaishika kalamu. Akamtazama dada yake, akamtazama kijana, ambaye, kati ya mara tatu za kila urefu, bado alikuwa na haki ya kuruka mara mbili, na miguu iliyokwisha kuchoka. Kisha akairudisha kalamu juu ya fomu, polepole.

"Mwenyekiti," alisema, kwa sauti ya fundi aliyebana pini midomoni, "nilipimia pembeni."