Zamu ya Mtaa wa Juu

Fundi wa maji alipiga magoti kando ya shimo la koki, goti likamlia. Tangu serikali kuu ilipoiachia halmashauri maji, zamu hupangwa na baraza la kata, na anayefunga na kufungua ni yeye. Leo mtaa wa chini, anakoishi na ndugu zake, ulikuwa ufungwe ili maji yapande juu.

Dada yake mkubwa akamkuta hapo, kashika ndoo mbili tupu.

“Usifunge, mdogo wangu. Mjukuu anaharisha.”

“Baraza limepanga, dada.”

“Baraza! Zamani tulimtukana waziri, yuko mbali, hasikii. Sasa nikutukane wewe niliyekubeba mgongoni?”

“Tukana tu. Wenzako wameanza tangu asubuhi.”

Dada akacheka bila kupenda, kisha akajifuta macho kwa upande wa khanga. Fundi alijua huko juu nako mabomba yalikuwa makavu tangu juzi, na wagonjwa wapo. Akazungusha koki mpaka ikagoma. Akainuka kwa taabu, akazichukua ndoo zote mbili, wakapanda kilima polepole kwenda kuomba maji kwa watu wa juu.