Refa Aliyekaa Barazani Kiembeni

Amefariki yule mama wa Mishomoroni mwenye sauti ya kupasua anga, refa wa zamani wa netiboli. Maradhi hayakumweka sana. Aliondoka wiki iliyopita, wanawe wakiwa kando yake. Tulipotoka makaburini tulishikana mikono tukisimuliana vituko vyake, wote tukisema kwa pamoja, kama watu waliotoka kushangilia mechi. Mnisamehe basi, wasomaji wangu, ikiwa tanzia ya leo inakwenda mbio. Kila nikimkumbuka moyo hunidunda.

Alikuwa Mtaita aliyeletwa Mombasa na kazi ya kiwanda, Changamwe. Kiwandani ndipo alipopata rafiki wa kufa na kuzikana, mwenyeji wa Jomvu Kuu, mlinda goli wa timu ya kiwanda aliyebandikwa jina la Ukuta. Walistaafu, wakafiwa na waume, urafiki ukabaki. Kisha Ukuta akaanguka bafuni akavunjika nyonga, na mtoto wa kaka yake akamchukua kwake Kiembeni amtunze. Mtaa mzima tukamsifu yule bwana. "Mimi simsifu bado," mama akaniambia. Kila akipiga simu hupokea bwana: shangazi amelala. Akienda, amelala. Siku moja waliwahi kuonana harusini, akamkuta rafiki yake amekonda, kajifunika leso hadi viganjani na joto lile. "Nikamwuliza, unakula vizuri? Akamtazama yule bwana kwanza, ndipo akanijibu. Mwanamke huyu alikuwa akinibishia uwanjani mbele ya umati! Leo aombe ruhusa ya kusema ameshiba?"

Asubuhi moja akanipitia twende wote Kiembeni. Tukapiga hodi, bwana akatokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona dada yangu."

"Shangazi amelala."

"Basi nitamngoja aamke." Akaketi barazani, akavua viatu.

"Akilala huchukua muda, mama."

"Nami nimestaafu, mwanangu. Sina pa kuwahi."

Kisha akavuta pumzi na kuita kwa sauti ile ya uwanjani, hata kunguru wakaruka juu ya bati: "Ukuta! Upo, Ukuta?" Halafu, kutoka chumba cha nyuma, ikaja sauti nyembamba: "Abee! Nipo! Wallahi nipo! Usiondoke!" Hata leo nikiandika naisikia.

Tukaingia ndani, na mlango wa chumba kile ulikuwa na komeo upande wa nje. Bwana akasimama mbele yake. "Mama, haya ni mambo ya ndani." Mama akamjibu bila ya kupaza sauti, "Mambo ya ndani hayafungwi kwa nje." Majirani walikwisha kujaa uani, naye bwana akafungua. Tulimkuta Ukuta juu ya godoro lililolowa, midomo imekauka, vifundo vya mikono vina alama za kamba. Nilitaka kutukana. Mama akanizuia kwa mkono, akampa rafiki yake maji, kisha akatutoa sote nje, pamoja nami, akabaki naye peke yake. Baadaye nilimwuliza kwa nini. "Ukimwuliza mbele ya anayemwogopa," akasema, "jibu utakalopata ni la yule anayeogopwa." Ukuta alisema anataka kuondoka. Tukampeleka hospitali kwanza, daktari akayaandika majeraha, kisha kituo cha polisi. Jamaa wakaja juu: aibu hii, yamalizwe nyumbani! "Nyumbani ndiko yalikoanzia," mama akawajibu, na kesi ikaenda mbele hadi bwana akatiwa hatiani.

Ukuta akahamia kwa binti ya dada yake, Jomvu Kuu. Akanenepa, akaanza kutembea kwa mkongojo, na ulimi wake ukarudi na makali yake yote. Mazikoni alikuwepo, akiwagombeza wachimba kaburi kwamba wanachelewa. Ningeweza kumkumbatia!

Sisi watu wa Pwani twajivunia adabu, na tunayo. Lakini mji umebadilika, nyumba zina mageti, na mtu mzima aweza kudhoofika hatua chache kutoka barabarani huku sisi twapita tukimsalimu mtunzaji wake. Wengi wa watunzaji ni watu wema waliochoka. Nao wanataka mtu wa kuwapokea mzigo walau kwa siku moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami sasa naielewa methali hiyo: ziara ni dawa ya nyumba nzima, na penye uovu ndiyo inayoufichua.

Kwa hiyo nendeni. Mwoneni mzee kwa macho yenu, msikieni akiwa peke yake, mwulizeni analotaka yeye. Akikonda bila ya sababu, akinyamaza kila aingiapo mtu fulani, akiwa na jeraha asiloweza kulieleza, msikae na shaka hiyo mioyoni. Ipelekeni kwa daktari, kwa chifu, kwa polisi. Mkiambiwa mnajiingiza yasiyowahusu, itikeni kwa furaha kwamba ndiyo, mmejiingiza.