Kopo la Kwenda Mbeya

Kwa wiki sita nilimsumbua kwa simu dada mmoja wa maabara kule Mbeya. Kila nilipopiga alinijibu kwa upole kwamba uvimbe wa mama yangu haujafika, nami nikamwambia waziwazi kwamba ofisini kwao hakuna anayejua kazi. Hakunijibu vibaya hata siku moja. Mpaka leo namwonea aibu.

Mama alikuwa amepasuliwa Njombe. Miaka miwili alimeza dawa za vidonda vya tumbo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea kutoka Makambako na kumkaripia kwamba anakula maharage mno. Kumbe tumboni alikuwa na uvimbe mkubwa kama parachichi.

Daktari alituchorea kwenye karatasi. Haukuota kwenye utando wa ndani kama saratani nyingi za tumbo, uliota kwenye nyama ya ukuta wenyewe wa tumbo, jambo ambalo ni nadra. Aina moja ya uvimbe huo ina vidonge vyake vya kuuzuia usirudi wala kuhamia kwenye ini. Aina nyingine, vidonge hivyohivyo haviigusi. Ili ijulikane ni ipi, lazima Mbeya waukague kwa hadubini. Akamkabidhi Baba fomu na kopo, uvimbe ukiwa ndani ya dawa ya kuutunza, apande basi kesho yake. Mimi nikarudi Makambako kufungua duka. Baba ni mzee wa kanisa, hajawahi kuchelewa ibada. Nilimwamini.

Wiki ya saba nikaenda nyumbani kwa wazazi, Kitandililo, kumwomba Baba risiti ya maabara. Nilimkuta anapalilia mahindi.

"Kamwene, Baba. Ile risiti ya Mbeya iko wapi?"

"Mbeya sikwenda," akasema, jembe halijasimama. "Tuliuzika."

Kwetu mguu ukikatwa hospitali hurudishwa nyumbani ukazikwa kwa sala. Hilo nalijua tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri kwamba uvimbe nao ni mguu.

"Ule ni mwili wa mama yako," akasema. "Niutie kwenye mfuko, niusukumie chini ya siti kama nyanya? Nilimwaga ile dawa, nikaufunga kwenye kitenge chake, tukasali na baba yako mdogo."

"Na kipimo, Baba?"

"Si wameshautoa? Kilichotoka kinapimwa cha nini tena?"

Baba hafokewi. Nikachukua jembe la pili nikafyeka magugu na mahindi pamoja, mpaka akaninyang'anya. Nilikuwa na hasira naye, na hasira zaidi na mimi mwenyewe niliyekimbilia duka.

Nikarudi Njombe. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, akafunga faili. Uvimbe uliooza hausomeki, akasema, na bila kujua aina yake hathubutu kuandika vile vidonge. Mama atakuwa anapimwa kila baada ya miezi michache. Ukirudi, watakata kipande kingine.

Nilimweleza Mama jikoni akiwa anachambua mboga. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo," akauliza, "ili nipate dawa ya kuuzuia usirudi, inabidi kwanza urudi?"

"Ndiyo, Mama."

Akaendelea kuchambua. Baba alikuwa amesimama mlangoni, na alisikia kila neno.